Majina Yaliyomezwa na Gundi

Nina shahada mbili na siwezi kusoma kitabu cha nyanya yangu. Nianze hapo, ili msomaji ajue hasira anayokwenda kuisoma ni ya mtu wa namna gani. Kitabu chenyewe ni cha Kiswahili, lugha ninayojigamba kuiandikia, lakini kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi nilikulia Kakamega mjini kwa baba aliyekuwa mtu wa kanisa, na somo kubwa la dini nililopewa lilikuwa kuketi kimya Jumapili. Mama alikuwa binti wa Kiislamu kutoka Mayoni, huko kwenye mashamba ya miwa. Krismasi tulichinja kuku, Idi tulichinja kuku, na ugomvi pekee wa kidini ninaoukumbuka nyumbani ulihusu nani ashike kisu.

Kitabu kilikuwa Mayoni kwa Kukhu, na ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Kiliandikwa na baba mkwe wake, mtu aliyefundishwa kusoma na wafanyabiashara wa pwani waliofika Mumias zamani zile, wakauza, wakaoa, wakasomesha. Kilikuwa na dua na mawaidha kwa beti, mistari mirefu ya wino mweusi. Nilipokifahamu mimi uzi ulikuwa umeoza na karatasi zimeachana moja moja. Kukhu alizifunga katika leso, akazitia kikapuni, na kikapu kikaning'inia juu ya meko. Moshi uliwafukuza wadudu. Karatasi ziligeuka rangi ya chai ya rangi, na zilinuka kama samaki wa kukaushwa, lakini hakuna hata moja iliyoliwa.

Sasa jambo ambalo lazima nilieleze vizuri, kwa maana ndilo lililoniletea presha. Kwenye ukingo wa nje wa kila karatasi, pembeni mwa mistari, paliandikwa majina ya wafu wa ukoo, wala si ovyo ovyo. Mtu akifa, yule aliyeumia zaidi, mjane au mama au mtoto, alichagua mstari mmoja katika kitabu kizima, na mwezi wa Shaabani uliofuata jina la marehemu liliandikwa mbele ya mstari huo. Kila mwaka kabla ya Ramadhani jamaa walikusanyika kuwarehemu watu wao. Mjomba, ndugu yake mama, alisoma. Alipofika penye jina alinyamaza kidogo, akalitaja, waliokuwepo wakaitikia amin, na mwenye marehemu wake akatia punje ya ubani katika chetezo. Aliyeandikwa alikuwa ndani ya nyumba. Asiyeandikwa, Kukhu alisema, bado yuko nje ya ua anapiga hodi. Mimi nilihudhuria utotoni, zaidi kwa ajili ya pilau.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini chuo fulani, ambacho sitakitaja kwa sababu kina mawakili na mimi nina watoto wa kusomesha, kilifungua tawi mjini Kakamega, ghorofani juu ya duka la mabati na misumari. Kikafungua na maktaba. Vitabu vya kawaida vilikuwa haba, basi wakubwa wa chuo wakaona afadhali wawe na vitabu adimu. Wakatenga chumba, wakakiita Chumba cha Hazina, wakakitia kufuli, kisha wakatoka kwenda kutafuta hazina ya kuweka ndani.

Mkutubi aliyesimamia chumba hicho alifika Mayoni kwa gari la chuo, na tai shingoni, juani. Alikuwa kijana wa rika langu, na hilo liliniudhi zaidi baadaye. Mama alinisimulia ziara ile mara nyingi, kila mara akiiga sauti yake.

"Mzee," mkutubi alimwambia Mjomba, "hapa kuna mchwa, kuna moto, kuna mvua. Kwetu kitabu hiki kitakaa miaka mia."

"Na sisi tukitaka kukisoma?"

"Mlango ni wenu, kitabu ni chenu. Sisi ni walinzi tu."

Kukhu alikuwa akichambua maharagwe. "Hiyo kitabu imekaa juu ya moshi tangu niolewe hapa," alisema. "Mchwa wa wapi huyo anakulanga moshi?"

Lakini Mjomba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na maisha yake yote alikuwa akingoja mtu mwenye gari la ofisi aje kumwomba kitu. Alivaa kanzu, juu yake koti, akapigwa picha akikabidhi ile leso. Chuo kilimpa cheti cha shukrani kwa Kiingereza, ndani ya fremu. Alikitundika palepale kilipokuwa kikapu, kikaanza kushika masizi.

Shaabani ilipofika alikwenda mjini kukiazima. Alirudi mikono mitupu.

"Wanasema hazina haitoki," alituambia.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Nikaomba fotokopi. Wanasema mwanga wa mashine utaumiza wino."

Wino uliovumilia moshi wa kuni tangu enzi za wakoloni uliogopa mwanga wa fotokopi! Mjomba alisoma kwa kichwa mwaka ule, viganja vimefunguliwa magotini kama mtu aliyeshika kitabu. Katikati alipotea. Majina mengine aliyataja mahali pasipo pao, na watu waliitikia kwa adabu, kila mmoja akitazama mkeka. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia ile kauli ya kitabu adimu. Kitabu chetu hakikuwa adimu kamwe. Kilikuwa kikisomwa. Kilianza kuwa adimu siku walipokifungia mlango.

Kisha mama akafa.

Sitaandika habari za hospitali. Nitasema tu kwamba matanga hayajaisha Kukhu aliniita nje, chini ya paa la jiko, akaniambia amekwisha kuchagua mstari. Aliujua kwa moyo, kwa sababu alikwisha kuuchagua mara moja zamani:

*Na wadogo wasokosa, Rabi wape pa kulala.*

Mbele ya mstari huo palikuwa na jina la mwanawe wa kiume aliyekufa kabla hajatambaa. Hakuwa na picha, hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kaburi lake lililimwa miwa watu walipohamisha mipaka. Alikuwa na neno moja la wino, basi.

"Mama yako alimbebanga mgongoni," Kukhu alisema. "Alikuwa mdogo, lakini alimbeba. Nataka aandikwe hapo kando yake, amshike tena."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ni mtu wa vyuo, hawa ni watu wangu, ninaijua lugha yao. Nikaenda nyumbani nikaandika barua ya Kiingereza yenye maneno marefu hivi kwamba mengine ilinibidi niyahakiki katika kamusi kabla ya kuyapiga chapa. Nilieleza mila, nikaeleza msiba, nikataja haki za jamii kwa vitu vyake, nikamalizia kwa shahada zangu zote mbili chini ya sahihi. Nilijisomea kwa sauti. Nilipendeza sana.

Jibu lilikuja kwa mstari na nusu: hati hiyo iko Nairobi kwa fundi, inajalidiwa.

Hati ilirudi mwezi wa Shaabani ukiwa umekwisha kuingia. Tukaruhusiwa kuja kuisoma, kwa miadi, bila kuandika chochote juu yake. Mjomba alisema twende tu, tukifika tutazungumza kama watu. Kukhu alisema naye anakuja. Alioga, akatawadha, akavaa buibui lake zuri, na ndani ya buibui akafunga kijifuko cha ubani.

Mkutubi alitupokea mlangoni kwa kiganja wazi.

"Kalamu za wino, tafadhali."

Mjomba akatoa kalamu yake, na kichupa kidogo cha wino mweusi alichokitayarisha mwenyewe. Mkutubi akakishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akakifungia katika dawati. "Humu ni penseli tu," akasema, akatuonyesha meza. Mbele ya kila kiti paliwekwa penseli iliyochongwa na kifutio kipya cheupe. Kisha akatugawia glavu.

"Hizi za nini?" Kukhu aliuliza.

"Mikono ina mafuta, mama. Inachafua karatasi."

"Mwanangu, hii mikono imeosha maiti, imeosha watoto wachanga. Hiyo kitabu nimeibeba kuliko nilivyobeba mume wangu. Leo nitaichafua?"

"Ni utaratibu, mama."

Akazivaa. Zilikuwa kubwa, vidole vikabaki vikining'inia. Mjomba alimnong'oneza kwamba anafanana na daktari wa ng'ombe, na Kukhu akacheka, na mkutubi akaweka kidole mdomoni. Kicheko nacho kilikuwa dhidi ya utaratibu.

Kitabu kililetwa juu ya mito miwili ya sponji. Sikukitambua. Kilikuwa na jalada gumu jekundu, na mgongoni herufi za dhahabu. Kando yake palikuwa na kadi ya maelezo, nikaisoma kwa sauti ya chini nikiifasiri: lugha, Kiarabu. Mwandishi, hajulikani.

"Hajulikani na nani?" Mjomba aliuliza.

"Mzee, kitaalamu, tukikosa ithibati ya mwandishi..."

"Ithibati ni mimi. Ni babu yangu. Nina pua yake!"

"Na lugha ni Kiswahili," nikaongeza mimi, kwa ukali wa mtu asiyeweza kusoma hata neno moja la kitabu hicho.

Mkutubi alisema kadi zinaweza kurekebishwa tukijaza maombi. Mjomba alikuwa amekigeuza kitabu mgongo uwe kuliani kwake, kama vitabu vya herufi zile vinavyowekwa, akafungua, akakuta karatasi ya mwisho. Akakigeuza tena. Akafungua, akafunga, akakizungusha juu ya sponji kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyozaliwa. Kisha akatulia. Niliona mabega yake yakishuka.

"Wamekifunga upande wa Kizungu," alisema.

Acha nieleze, kwa sababu hata mimi nilieleweshwa. Kitabu cha herufi za Kiarabu huanzia kulia, na mgongo wake uko kulia. Fundi wa Nairobi aliletewa rundo la karatasi zisizoshonwa, na hakuna mtu katika chuo kile, hata huyo bwana wa tai, aliyejua kuzisoma ili amwambie zianzie wapi. Akafanya kama alivyozoea. Akashona kushoto. Na kushoto ndiko ulikokuwa ule ukingo wa nje. Majina yote ya wafu wetu, kila mmoja na mstari wake, yaliingia katika mgongo wa kitabu, yakatobolewa kwa sindano, yakamwagiwa gundi, yakabanwa. Ukifungua kitabu uliona mistari imenyooka safi, na mwisho wa kila mstari, ndani kabisa kwenye mfereji, uliona mkia wa herufi ukichungulia, kama mtu aliyefunikwa blanketi akasahau kidole nje.

Niliwahi kukasirika kabla ya siku ile. Nimekasirishwa na karani wa ardhi, na mabosi, na bwana mmoja aliyenivunjia ukuta. Lakini hasira hizo zote zilikuwa na mtu mbaya ndani yake. Huyu mkutubi hakuwa mbaya. Alilitazama jalada jekundu kwa upendo wa kweli.

"Lakini si ni kazi nzuri?" alisema. "Hiyo ni ngozi halisi."

Mjomba alitafuta ule mstari. Alipoupata aliusoma polepole, midomo ikicheza bila sauti, hadi ulipozama kwenye mfereji. Akajaribu kupanua kidogo.

"Taratibu, mzee! Usiifungue zaidi ya hapo, utavunja mgongo."

"Jina ya mtoto iko wapi?" Kukhu aliuliza.

"Imeingia ndani, mama," Mjomba alimwambia. "Chini ya gundi."

"Itoe."

"Haitoki, mama," mkutubi alisema. "Lakini iko salama. Kwa kweli, hapo ndipo mahali salama kuliko pote. Hakuna mkono utakaoigusa tena."

Alilisema hilo kama habari njema. Nadhani kama angenyamaza tungeinuka, tungekwenda zetu, na mimi ningeandika barua nyingine ndefu. Kukhu akavua glavu, kwanza moja, halafu ya pili, akazilaza mezani pamoja kama jozi ya soksi. Akasimama. Akaweka kiganja kimoja kwenye ukurasa wa kulia na kingine kwenye wa kushoto, akaegemea kwa uzito wake wote, kama anavyoegemea mwiko ugali wetu wa obusuma ukikaribia kuiva.

Mgongo ulilia. Sijui neno jingine. Ulitoa sauti ya tawi kavu, kisha sauti ndogo ndogo za uzi ukikatika mmoja baada ya mwingine, na mkutubi akatoa sauti yake mwenyewe juu ya hizo zote. Mfereji ulifunguka. Ndani palikuwa na gundi ya manjano iliyokauka kama makamasi, na katikati yake, likiwa na tundu la sindano katika herufi ya kwanza, jina la mtoto.

Mjomba aliusoma mstari. Aliusoma kwa sauti yake yote ya Shaabani, ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya kunyamaza. Akalitaja jina la mdogo wake.

"Amin," alisema Kukhu.

"Amin," nikasema mimi, mwana wa mtu wa kanisa.

"Kimya! Hapa ni maktaba!" alisema mkutubi.

Mjomba akachukua penseli.

Mkutubi aliiona na akaanza kuizunguka meza, na hapo nikafanya mchango wangu kwa ukoo. Nilisimama njiani nikaanza kumsemesha Kiingereza. Nilimpa sentensi iliyoanza na sheria ya miliki, ikapitia historia ya njia za misafara, ikateremka kwenye maadili ya uhifadhi, ikarudi juu, ikafungua mabano. Naye, maskini, alisimama kusikiliza, kwa kuwa msomi hawezi kumkatiza msomi mwenzake kabla ya nukta. Ndiyo faida pekee ya shahada zangu niliyowahi kuishuhudia kwa macho. Nilipoishiwa pumzi Mjomba alikuwa ameweka penseli chini. Mama alikuwa ndani, kando ya mtoto. Mkutubi alikuwa amesema humu ni penseli tu, na penseli ilikuwa ndiyo tuliyotumia.

Askari aliitwa. Alikuwa mtu wa Matungu, karibu na Mayoni, akamwamkia Kukhu kwa salamu zote na kuulizia miwa kabla ya kutuomba kwa upole tutoke. Katika ile dakika ya kuinuka, viti vikikwaruza, mkutubi akikifumbata kitabu kama mgonjwa, nilifanya jambo jingine ambalo sikulipanga. Nilipita kando ya meza nikaokota vifutio vyote, kimoja kimoja, nikavitia mfukoni. Mtu mwenye umri wangu.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Tulijibanza kwenye baraza ya duka chini, kati ya mabati na mabunda ya misumari, na mvua ikipiga hivi kwamba ilibidi tupaze sauti. Kichupa cha wino cha Mjomba kilibaki katika dawati la chuo, na hakuna aliyethubutu kukirudia.

"Penseli inafutikanga?" Kukhu aliniuliza.

"Inafutika, Kukhu."

"Basi yule bwana atafuta."

Nikatoa vifutio mfukoni, nikamwonyesha. Alivitazama kiganjani mwangu, vyeupe, vipya, visivyo na alama. Akavichukua, akavifunga pamoja na ubani wake.

Najua vifutio vinauzwa kila duka. Najua pia kwamba barua ilitufikia baadaye ikitupiga marufuku, ikisema hati hiyo imeharibiwa na wasomaji wasiozingatia utaratibu. Inawezekana mama alifutwa wiki ileile. Inawezekana kitabu kimepelekwa tena Nairobi kikashonwa upya, kushoto tena, kwa gundi nyingi zaidi. Sijaruhusiwa kwenda kutazama, na hata ningeruhusiwa nisingeweza kusoma. Hilo ndilo linaloniamsha kwa hasira mpaka leo, na nusu ya hasira hiyo ina jina langu.

Mwishoni mwa Shaabani ile tulikusanyika Mayoni kama kawaida. Mjomba alikishusha kile cheti ukutani kabla wageni hawajaja, akakisukuma nyuma ya kabati. Akaketi, akafungua viganja magotini, akasoma kwa kichwa, na safari hii hakupotea. Alipofika kwenye mstari wa Kukhu alinyamaza, akataja majina mawili. Tukaitikia. Kukhu akatia ubani katika chetezo, punje mbili. Kisha, bila kumtazama mtu yeyote, akafungua kijifuko akatia na vifutio.

Vilinuka vibaya mno. Moshi mweusi uliwafukuza watoto mpaka uani, shangazi mmoja akakohoa hadi machozi, na Mjomba akasoma beti zilizobaki akiwa ameziba pua kwa pembe ya kanzu. Hakuna aliyemwambia Kukhu aviondoe.